Mizani, simu au sahani: binti akitaka kubadili mwili wake, umshike mkono kwenda wapi?

Wiki mbili kabla ya Idi chumba changu cha cherehani hapa Kisauni huwa hakipitiki. Vitambaa juu ya vitambaa, wasichana wamejaa hadi barazani, kila mmoja anataka nguo yake itoke kwanza. Mwaka huu mmoja wao, wa miaka 14, nilipomzungushia futi kiunoni alivuta tumbo ndani akabana pumzi hadi mishipa ya shingo ikasimama. Nikamwambia, "Pumua, mwanangu." Hakupumua. Aliniinamia sikioni, mamake asisikie: "Anti, nipunguzie inchi mbili. Mpaka Idi nitakuwa nimekonda."

Magharibi ya siku hiyo hiyo akaingia mama na binti wa miaka 16, mrefu, mwembamba, mcheza netiboli wa shule. Mama hata hakukaa. "Huyu mtie marinda mengi, uifiche hii mifupa. Harusi ya dadake ni mwezi ujao na mwili hana." Binti aliangalia sakafu muda wote niliokuwa nampima.

Wote wawili ni wazima. Mmoja anasumbuliwa na simu, mwingine anasumbuliwa na harusi. Nimepima wasichana wa mji huu miaka 22, na nyumbani ninao wawili wangu, wa miaka 13 na 17. Maswali ninayoulizwa na mama zao mlangoni hayabadiliki: nimwekee dayati? Nimnunulie ile chai? Nimpeleke jimu? Hivi kweli ni wa kupelekwa hospitali? Nimeyabeba maswali hayo kwa muuguzi, kwa mtaalamu wa lishe, na kwenye tafiti, na hapa naziweka njia zote pamoja ili mama na binti wachague. Kuna njia nitakazozipitia haraka kwa sababu hazistahili zaidi ya hapo.

Kabla ya njia, kipimo

Mama wengi wanachagua dawa kabla hawajajua kama kuna ugonjwa. Vipimo vinavyotumika mtaani ni vitatu, na viwili kati yake vinadanganya.

Cha kwanza ni jicho la watu. Mombasa tuna macho mawili. Lipo lile la zamani: mwanamke awe na mwili, bi harusi afungiwe ndani, asingwe, alishwe mpaka ang'ae, na msichana mwembamba aitwe kimbaumbau mbele ya wageni. Na lipo jipya la kwenye simu, linalotaka kiuno cha nyigu na tumbo bapa kama chano. Binti wa leo anatazamwa na macho yote mawili kwa siku moja: asubuhi shuleni ni tipwatipwa, jioni kwa bibi yake ni "mbona umekauka hivyo, huli?" Hakuna hata jicho moja kati ya hayo linaloona damu, mifupa wala moyo wake.

Cha pili ni ile hesabu ya BMI ya kwenye simu. Unachukua kilo, unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata namba. Hesabu yenyewe haina makosa. Kosa ni kuisoma kwa mipaka ya watu wazima, ile ya 18.5 mpaka 25. Mtoto anayekua hana mpaka mmoja. Mpaka wake unasogea kila mwezi.

Cha tatu ndicho cha kuchagua: chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, ya watoto wa miaka 5 hadi 19, wasichana kivyao na wavulana kivyao. Muuguzi anachukua ile ile BMI na kuiweka mbele ya umri wa mtoto. Tazama tofauti. Binti aliyetimiza miaka 13, urefu mita 1.55, kilo 41, anapata 17. Simu itamwambia amekonda kupita kiasi. Chati itasema yuko salama kabisa, kwa kuwa katika umri huo wembamba wa kutia wasiwasi unaanzia chini ya 14.9, na katikati ni 18.8. Sasa mchukue wa miaka 12, mita 1.50, kilo 58. Anapata karibu 26, na simu itasema amezidi kidogo tu. Chati itasema huyu ameshavuka mpaka wa unene wa kupindukia, ambao kwa umri wake ni 25. Kwa hiyo simu imemtisha mzima na imemtuliza anayehitaji msaada.

Na hata chati usiisome kwa siku moja. Muuguzi aliyempima binti yangu mdogo alinieleza hivi: nukta moja haisemi kitu, mstari ndio unaosema. Mtoto ambaye tangu darasa la pili anakwenda sambamba na mstari wa juu kidogo, huyo ndiye alivyoumbwa. Anayeshuka mistari miwili kwa miezi sita, au anayeipanda, ndiye wa kuulizwa kuna nini.

Kuna jambo mama zetu hawakutuambia, na nafikiri lingetuokoa machozi mengi. Kati ya miaka 10 na 14 msichana hurefuka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote tangu alipokuwa mchanga, na kasi hiyo huja kabla ya hedhi ya kwanza. Nyonga zinapanuka, mapaja yanajaa, mafuta ya mwili yanaongezeka. Hayo ndiyo maandalizi ya hedhi yenyewe. Mimi nayaona kwenye daftari langu la vipimo: binti yule yule, Idi hii nyonga inchi 32, Idi ijayo 35, kiuno hakijaongezeka hata nusu. Anadhani amenenepa. Amekuwa msichana. Mtoto wa miaka 12 ambaye mwaka mzima hajaongeza hata kilo moja ndiye anayenitia wasiwasi.

Ndiyo maana kwa mtoto ambaye bado anarefuka, hata chati ikisema amezidi, mara nyingi wataalamu hawatafuti kilo zishuke. Wanataka zisimame pale zilipo huku urefu ukizifuata. Kushusha kilo hasa ni kazi ya daktari, kwa polepole, kwa yule aliyezidi sana au aliyemaliza kurefuka.

Dayati ya simu, au sahani ya nyumba nzima

Hapa ndipo penye uzito wa mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dayati ya simu mnaijua. Siku saba kilo tano. Asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana tango, usiku tufaha. Inavutia kwa sababu inaanza leo, haimhitaji mama jikoni, na siku ya tatu mizani kweli inashuka. Kilichoshuka ni maji. Mwili hutunza akiba ya sukari kwenye ini na misuli pamoja na maji yake. Ukikatiwa chakula unaitumia akiba hiyo na maji yanatoka. Mafuta bado yapo palepale. Siku ya nne binti amelala darasani, siku ya tano ana kichwa, siku ya sita saa kumi jioni anapita kwa muuza viazi karai na hakuna mwanadamu wa kumzuia, wala simlaumu. Kisha usiku anajichukia. Jumatatu anaanza tena.

Hili si la kukisia. Huko Minnesota, Marekani, Dianne Neumark-Sztainer na wenzake waliwafuatilia vijana zaidi ya 2,500 kwa miaka mitano, kuanzia 1999. Waliokuwa wakijinyima ili wapungue hawakuishia wembamba. Baada ya miaka ile mitano ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito uliozidi, na wa kuangukia kwenye ulaji wa kufakamia na kujitapisha. Mama anayemwekea mtoto dayati ili asinenepe anaweza kuwa anamwekea unene.

Na kuna gharama isiyoonekana kwenye mizani. Karibu asilimia 90 ya uimara wa mifupa ya mwanamke inakuwa imejengwa akifika miaka 18. Atakayoitumia akiwa na miaka 60 inajengwa sasa hivi, kwa maziwa, kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yao, kwa mboga. Ndio umri huo huo anapoteza damu kila mwezi na anahitaji madini ya chuma kuliko kaka yake. Ukimkatia chakula, kati ya vya kwanza kuondoka ni hedhi. Mwili unafunga mlango wa uzazi ili uokoe moyo. Binti anaweza hata kufurahi kwamba hazijaja. Asifurahi.

Sasa sahani ya nyumba nzima. Kasoro yake niiseme mapema: haina maajabu. Hakuna picha ya kabla na baada. Inachukua miezi, na inamhitaji mama, baba na kaka nao wabadilike. Mtaalamu wa lishe aliniuliza swali moja lililoninyamazisha: "Huyu binti atakula nini, na nyinyi wengine mtakula nini?" Nilikuwa nimepanga kumpikia binti yangu peke yake vya kuchemsha huku sisi tukila biriani. Akaniambia hiyo ni adhabu, na mtoto anayeadhibiwa kwa chakula hujifunza kula kwa kujificha.

Kwa hiyo tulibadilisha kwa wote, na tulianza na vinywaji. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 na ushei, yaani vijiko vya chai kumi na viwili au zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isivuke sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku, na kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni gramu 50. Ikiwa chini ya nusu yake, bora zaidi. Chupa moja imemaliza siku. Ongeza chai ya asubuhi ya vijiko vinne na juisi ya pakiti ya shuleni, uhesabu mwenyewe. Nyumbani kwangu soda ikabaki ya Idi na ya wageni. Chai tuliipunguza kijiko kimoja kila wiki mbili, na watoto hawakutambua mpaka tulipofika kimoja. Maji ya dafu yapo, maji ya bomba yaliyochemshwa yapo.

Mahamri sikuyapiga marufuku. Nasema hivi kwa moyo wangu wote: usimkataze mtoto wa Pwani mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi ni chakula bora kabisa, zina protini, zina chuma, zina nyuzinyuzi. Binti yangu alikuwa akila manne na mbaazi kijiko. Sasa anakula mawili na mbaazi bakuli. Wali wa mchana unachukua robo ya sahani, samaki au maharagwe robo, na nusu iliyobaki ni mchicha, mnavu, kisamvu au kachumbari. Changu wa kupaka ni bora kuliko changu wa kuzamishwa mafutani. Muhogo wa kuchemsha unashibisha kuliko chipsi. Chai isinywewe juu ya chakula, kwa kuwa inazuia chuma kisiingie mwilini. Ikae saa nzima. Ndimu kwenye mboga, kinyume chake, inakisaidia kuingia. Kwa hiyo ndimu ile ile ya dayati ina kazi, ila mahali pake ni kwenye kachumbari.

Na kifungua kinywa kiliwe. Wasichana wengi wa hapa wanatoka nyumbani alfajiri kuwahi matatu, tumbo tupu, na saa nne wananunua mandazi makavu na juisi ya rangi. Yai moja la kuchemsha na ndizi hubebeka.

Neno moja kuhusu Ramadhani, kwa sababu kila mwaka nasikia mabinti wakisema "Nitapunguza mwezi huu." Funga ni ibada, ina nia yake. Anayefunga kwa ajili ya kiuno ananyima roho na mwili pamoja, halafu anafuturu kwa kaimati na shira mpaka anashindwa kusimama. Ukimsikia binti anarefusha funga, hataki daku, au anafunga mfululizo nje ya Ramadhani huku anakonda, zungumza naye kwa upole. Wakati mwingine dini inatumika kama pazia.

Chai ya kupunguza na vidonge vya kunenepesha

Hizi mbili nitaziweka pamoja, maana zinauzwa na watu wale wale, kwa wasichana walewale, kwa lugha ileile ya "haina madhara, ni ya asili".

Geuza pakiti ya chai ya kupunguza usome. Mara nyingi utakuta sanamaki. Bibi zetu wanaijua sanamaki: ni ya kufungua tumbo lililokwama, siku moja, basi. Ikinywewa kila usiku inaharisha, na mwenye kuharisha anapoteza maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu inayouweka moyo kwenye mapigo yake. Chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla sanamaki haijafanya kazi yake kwenye utumbo mpana. Kwa hiyo mafuta hayaondoki. Kinachoondoka ni maji, na yanarudi ukinywa gilasi mbili. Baada ya muda tumbo linasahau kujiendea lenyewe.

Vidonge vya kunenepesha vinanitisha zaidi. Huuzwa vimefungwa kwenye karatasi, havina hata jina, na mara nyingi vilivyomo ni viwili. Kimoja ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo inaleta njaa na usingizi. Kingine ni deksamethasoni, steroidi yenye nguvu. Hii ya pili inajaza uso, uso unakuwa duara kama mwezi, na watu wanasifu: "Mashallah, umependeza." Kilichojaa ni maji na mafuta yaliyohamishwa kutoka mahali pake. Chini ya sifa hizo sukari ya damu inapanda, shinikizo linapanda, kinga inashuka, mifupa inalegea, na tezi zilizo juu ya figo zinalala kwa sababu kazi yao inafanywa na kidonge. Aliyetumia wiki nyingi hatakiwi hata kuacha ghafla, kwani anaweza kuzimia au kufa. Aende kwa daktari ashushiwe dozi taratibu. Nilimshonea bi harusi mmoja aliyekuwa akivitumia. Vipimo nilivyochukua mwezi wa kwanza havikuingia mwezi wa tatu, na mikono ilikuwa imebaki myembamba huku shingo na tumbo vimejaa. Alikuwa na miaka 19. Ingekuwa mifupa ya mwanangu, nisingelala.

Kuchagua kati ya hizi mbili sina cha kukusaidia. Zote ziache dukani.

Zipo pia sindano za kupunguza uzito zinazosemwa sana siku hizi. Marekani waliidhinisha mojawapo kwa watoto wa kuanzia miaka 12 mwishoni mwa 2022, lakini kwa wenye unene wa kupindukia uliothibitishwa, chini ya daktari, pamoja na kubadili chakula na mwendo. Si ya msichana anayetaka nguo ya Idi imkae, wala si ya kununuliwa kwa mtu wa mtandaoni.

Jimu, ufuo, au chakacha

Kipimo ni saa moja ya mwendo kwa siku kwa walio chini ya miaka 18, na si lazima iwe ya mfululizo. Jimu si mbaya, ila ina ada, ina vioo kila upande, na kwa binti anayejionea haya mwili wake vioo vile vinaumiza. Wengi huacha kabla mwezi haujaisha.

Kutembea ni bure. Alfajiri pale Mama Ngina utaona akina mama na mabinti na mabuibui yao wakienda kwa miguu mpaka Lighthouse na kurudi, upepo wa bahari usoni. Maji yakitoka, ufuo wa Nyali au wa Bamburi ni uwanja mpana. Kamba ya kuruka uani inatosha kumtoa mtu jasho kwa dakika kumi. Na wasichana wangu wanachokipenda kuliko vyote ni chakacha. Milango imefungwa, wanawake peke yao, leso imefungwa nyongani, ngoma kwenye simu. Jaribu nusu saa uone kama utaongea. Faida yake nyingine ni kwamba kwenye chakacha nyonga ni sifa. Binti anautumia mwili wake kwa furaha badala ya kuupigia hesabu.

Chagua ile atakayokuwa bado anaifanya baada ya miezi mitatu. Na alale: kijana anahitaji saa nane hadi kumi, na usingizi mchache huongeza njaa. Simu ikalale sebuleni.

Kusema uzito, au kusema chakula

Mimi mwenyewe nilikuwa wa kusema uzito. Nilikuwa namwambia binti yangu mkubwa "punguza, utakosa nguo", tena kwa mapenzi, kama nilivyoambiwa na mama yangu. Mwaka 2013 watafiti wa kule kule Minnesota walilinganisha nyumba ambazo wazazi huzungumza na vijana wao kuhusu uzito, na nyumba ambazo wazazi huzungumza kuhusu chakula chenye afya tu. Vijana waliokuwa wakisemwa uzito ndio waliokuwa na dayati zaidi na kujinyima kusiko na afya zaidi. Waliosikia habari ya chakula pekee walikuwa na hayo kwa uchache, hata wale waliokuwa wanene. Mada ni ile ile, mlango wa kuingilia ndio tofauti.

Hebu sikia zinavyosikika. "Usile hicho, umekuwa tipwatipwa" na "njoo unikatie mchicha, leo tunapika na nazi." "Huna mwili, nani atakuoa" na "mechi ni lini, nikuchemshie mayai?" Mtoto anakumbuka sentensi ya kwanza miaka thelathini. Najua, maana mimi nina yangu, na aliyeniambia ameshatangulia mbele ya haki.

Watu husema haya ni mambo ya Wazungu, sisi Pwani tunapenda mwili. Nikafikiri hivyo mpaka niliposoma habari za Fiji. Nao ni watu wa visiwani, wa nazi na samaki, na kwao mwili mnene ulikuwa heshima; kumwambia mtu amenenepa kulikuwa ni kumsifu. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule wakati huo, kisha akaja tena 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3, na karibu watatu katika kila wanne walikuwa wamewahi kujiona wanene mno. Hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni, ya saa chache. Sisi tumewapa watoto wetu kioo cha kulala nacho kitandani. Na mwaka 2021 ilifichuka kwamba utafiti wa ndani wa kampuni ya Facebook yenyewe ulionyesha asilimia 32 ya wasichana waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao walisema Instagram iliwaongezea.

Basi umnyang'anye simu? Nililinganisha hilo pia, kwa sababu nililifanya. Nilimnyang'anya mkubwa wiki tatu, akawa anaangalia kwa rafiki zake, na mimi nikawa adui. Njia iliyotufaa ni kukaa naye. Jioni moja tuliketi kwenye mkeka tukafungua picha mojamoja: hapa kiuno kimebanwa na programu, tazama mlango wa nyuma umepinda, hapa taa, hapa amesimama kwa pembe. Mimi fundi najua kiuno cha mtu hakiwezi kuwa inchi 20 na nyonga 44 kwa mwili ule, nikamwonyesha kwa futi juu ya meza. Alicheka. Kisha mwenyewe akaanza kufuta kurasa zilizokuwa zinamkera, akafuata za mapishi na za waogeleaji. Haikuchukua saa moja.

Wakati wa kuacha kulinganisha na kwenda

Kuna dalili ambazo hazitaki mjadala wa barazani. Hedhi zilizokuwa zikija zimekosekana miezi mitatu. Anaingia msalani kila baada ya kula na maji yanafunguliwa kwa nguvu. Anahisi baridi wakati sote tunatoka jasho la kaskazi. Nywele zinatoka, anazimia, anakata chakula vipande vidogo vidogo asile, anavaa mavazi mapana juu ya mapana. Mtoto wa hivi anaweza kuwa na kilo za kawaida kabisa machoni. Usisubiri akonde.

Upande wa pili ipo dalili ninayoiona mimi kwa kazi yangu. Nikipima shingo, mara nyingine nakuta weusi mzito kama wa velveti nyuma ya shingo, na kwapani pia. Mama husema "huyu haogi vizuri", na mtoto ameshasugua kwa dodoki mpaka ngozi imechubuka. Si uchafu. Mara nyingi ni alama kwamba mwili unashindwa kuitumia insulini vizuri, na ni njia ya kuelekea kisukari. Mwaka jana nilimvuta mama mmoja pembeni, taratibu, binti asisikie, nikamwambia akapime sukari. Kiu isiyoisha, kukojoa usiku, kukoroma sana, hedhi za kurukaruka pamoja na ndevu, hizo nazo ni za daktari.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe apimwe urefu, uzito, presha na damu, na uulize mtaalamu wa lishe. Wakikuona wanahitaji zaidi watakuandikia rufaa, na rufaa nyingi za kwetu zinaishia Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani. Ukiwa huko ombeni apimwe faragha, na kama anayepima atamkemea binti kwa maneno ya aibu, una haki ya kuomba mwingine. Na binti ambaye hana wa kumwambia nyumbani, namba ya simu ya watoto ni 116, haina malipo, popote Kenya.

Yule wa miaka 14 sikumpunguzia zile inchi mbili. Nilikata kwa kipimo chake akiwa amepumua, na kila mshono wa ubavuni nikaacha inchi moja ndani, kama ninavyowaachia wote wanaokua. Nikamwonyesha. "Hii ni yako ya mwakani." Akaishika ile sehemu iliyokunjwa kwa vidole viwili, akaniuliza kama na urefu nimeuachia pia. Nikageuza pindo la chini akaona: inchi tatu.